Mchezo wa Kuvaa Uhusika

Kutoka Kitale hadi Endebess ni mwendo wa kilomita 20 hivi, na karibu njia yote hupita katikati ya mahindi. Mlima Elgon humsimamia msafiri mbele kama ukuta. Asubuhi kilele chake huonekana wazi, na ifikapo adhuhuri aghalabu wingu huwa limekwisha kukifunika. Siku ya soko watu huteremka kutoka mlimani na wengine huja kutoka mashambani, na soko lenyewe husema Kibukusu, Kisabaoti, Kikuyu na Kiswahili kwa wakati mmoja, wala hapana anayekosa kuelewana na mwenziwe bei inapotajwa.

Pembeni mwa soko hilo nilikuta kibanda cha mabati chenye televisheni mbili na mabenchi ya mbao. Vijana walikuwa wakilipa shilingi chache kucheza mpira wa miguu wa kwenye kioo, kwa makelele makubwa kuliko ya uwanjani. Mmoja wao, mwanafunzi wa kidato cha tatu kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa ameketi kando ameinamia simu yake. Mchezo wake ulikuwa wa namna nyingine. Ndani yake hakuwa mwanafunzi. Alikuwa mlinzi wa mfalme aliyefukuzwa katika nchi yake, mwenye upanga, deni na siri.

Nilimwuliza mchezo huo una uzuri gani. Akanijibu, "Mzee, picha zake ni safi sana." Rafiki yake akampinga kwamba uzuri si picha, bali urefu, maana mtu aweza kuucheza mwezi mzima usiishe. Wa tatu akasema kwamba wote wawili wamekosa: uzuri ni kuanza dhaifu na kumaliza ukiwa na nguvu za kuangusha mlima. Wakabishana mpaka mwenye kibanda akawaonya, nami nikaondoka bila ya kutoa hukumu. Insha hii ndiyo hukumu niliyochelewa kuitoa, na kwa kuwa mimi ni mtu wa historia, nitaitafuta katika mambo yaliyopita.

Mchezo wa kuvaa uhusika ni ule ambao mchezaji hupokea nafsi isiyo yake, akakaa ndani yake kwa muda, akatenda kama ambavyo mtu yule angetenda, na akapokea matokeo ya matendo hayo. Katika mpira mchezaji hubaki yeye mwenyewe, ajapovaa jezi ya rangi gani. Katika bao kete hazina majina wala haya. Lakini katika mchezo huu mtu huulizwa swali lisiloulizwa kwingine: wewe ukiwa fulani, utafanya nini?

Swali hilo halikuletwa na kompyuta. Kila mtoto wa Kenya hulijibu kabla ya kujua kusoma, katika mchezo tunaouita kalongolongo. Mmoja huwa baba, mwingine mama, wengine watoto na majirani. Udongo huwa ugali, na majani huwa mboga. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wenzangu wote, kwa hiyo nilipewa daima nafsi ya ng'ombe. Nilifungwa kamba, nikakamuliwa, nikaambiwa ninyamaze. Siku moja nikakataa kutoa maziwa. Mchezo ukasimama. Wakubwa wakakutana chini ya mti wakashauriana kana kwamba ng'ombe kweli amewagomea, na mwisho wakakata shauri la kumwita daktari, ambaye hakuwapo kabla ya hapo. Daktari akaniuliza naumwa wapi. Tangu siku hiyo mchezo wetu ulikuwa mtamu kuliko kwanza, hata kwa wale waliokuwa baba na mama. Nimelikumbuka jambo hili mara nyingi, kwa kuwa uhai uliingia katika mchezo pale nafsi ndogo kuliko zote ilipochagua jambo, na wengine wakalazimika kuuheshimu uchaguzi huo.

Watoto si watu pekee waliocheza hivi. Historia ya Afrika ya Mashariki ina mchezo mkubwa wa kuvaa uhusika, uliochezwa na watu wazima kwa muda wa zaidi ya nusu karne, kutoka Lamu mpaka kwenye migodi ya shaba ya nchi ambayo leo ni Zambia. Mchezo huo uliitwa beni.

Jina la beni latokana na neno la Kiingereza la bendi. Ngoma hii ilianza katika miji ya pwani ya Kenya, yaani Lamu, Malindi na Mombasa, katika miaka ya 1890, wakati utawala wa Waingereza ulipokuwa ukitia mizizi na bendi za mabaharia na askari zilipokuwa zikipita mabarabarani kwa shaba zinazong'aa. Wenyeji wa miji hiyo walikuwa na desturi ya kale ya kushindana kwa ngoma, mtaa kwa mtaa. Huko Lamu, Mkomani na Langoni walikuwa wapinzani tangu zamani. Bendi ilipokuja, mashindano ya zamani yakavishwa nguo mpya. Vyama vikaundwa, navyo vikajiita Kingi na Skochi, kimoja kwa jina la mfalme wa Waingereza na kingine kwa jina la Waskochi ambao askari wao walivuma kwa zumari zao.

Ndani ya vyama hivi ndimo ulimokuwa mchezo. Kila chama kilikuwa na ngazi ya vyeo. Palikuwa na mfalme, jemadari, kapteni na maofisa wengine chini yao. Na katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, yuko aliyeitwa Kaiser. Waliovaa vyeo hivyo mchana walikuwa makarani, mafundi, watumishi wa nyumbani, wapagazi na askari. Jioni, au siku ya sikukuu, karani akawa jemadari, na wenzake wakampigia saluti. Hawakumpigia saluti kwa kucheka. Aliyekosa adabu mbele ya mkubwa wake wa chama alitozwa faini ya kweli, akailipa kwa mshahara wake wa kweli. Wanawake nao walikuwa na ngoma yao ya lelemama katika Mombasa, yenye vyama vyake, vyeo vyake na mashindano yake, na ushindani wao haukuwa mdogo kuliko wa wanaume.

Vita vya 1914 hadi 1918 viliisambaza beni kuliko ngoma yoyote iliyopata kuwako kabla yake. Maaskari na wapagazi wa pande zote mbili waliichukua pamoja na mizigo yao, na vita vilipokwisha wakarudi nayo makwao: Tanganyika, Nyasaland, Rodesia ya Kaskazini. Katika Tanganyika vyama viwili vikubwa viliitwa Marini na Arinoti. Marini kilikuwa zaidi cha watu wa mijini waliosoma na wenye kazi nzuri. Arinoti kilikuwa zaidi cha vibarua na wageni waliotoka bara. Matawi yao yalikuwa katika mji baada ya mji, na yaliandikiana barua. Mwanachama aliyehamia mji asiojua mtu aliwakuta wenzake wa chama, akapata pa kulala. Akifa, walimzika.

Msomaji ataona hapa jambo la ajabu. Mfalme hakuwa mfalme na jemadari hakuwa na jeshi, lakini jeneza lilikuwa jeneza kweli. Mchezo ulikuwa wa kubuni, na matokeo yake hayakuwa ya kubuni. Serikali ya Kiingereza ililiona jambo hili, na maofisa wake wakapata wasiwasi. Watu gani hawa wanaoandikiana barua kutoka pwani mpaka maziwani, wakijiita majemadari? Wakachunguza, wakasoma barua, wakatafuta njama ya uasi. Baadaye, wafanyakazi wa migodi ya shaba walipogoma mwaka wa 1935 katika Rodesia ya Kaskazini, na watu sita wakauawa kwa risasi huko Luanshya, tume ya serikali iliyouchunguza mgomo ilisikiliza pia ushahidi juu ya chama cha ngoma kilichoitwa Mbeni.

Wako waliosema, na baadhi yao walikuwa Waafrika wenzetu, kwamba beni ilikuwa uigaji mtupu. Kwamba ni aibu mtu mweusi kuvaa mabega ya dhahabu ya karatasi na kujiita Kaiser. Mwanahistoria Terence Ranger aliliangalia swali hili kwa makini katika kitabu chake juu ya beni kilichotoka mwaka wa 1975, na mtu akikisoma haoni tena wepesi wa kusema "uigaji" akaishia hapo. Mimi naona hivi. Kuvaa nguo ya mtawala ni uigaji. Lakini kukaa katika baraza la chama, kuhesabu michango, kuamua nani apandishwe cheo na nani ashushwe, kupatanisha wawili waliogombana, kutuma mjumbe kwa tawi la mji mwingine na kungoja jibu lake, hayo si kuiga tena. Ni kutawala, ijapokuwa ni kutawala kidogo. Watu ambao serikali haikuwaruhusu kuamua jambo lolote kubwa walijipatia mahali pa kuamua. Walianza kwa nguo wakafika kwenye kazi.

Sisemi kwamba beni haikuwa na ubaya. Mashindano ya karamu yaliwafilisi baadhi ya watu. Chama kimoja kikichinja ng'ombe wawili, kingine kiliona lazima kichinje watatu, na madeni yakabaki baada ya nyama kwisha. Vyama viligawanya miji ambayo tayari ilikuwa imegawanyika. Mchezo wowote ambao watu wanaupenda kwa dhati waweza kuwala waliomo, na vijana wa kibanda kile cha Endebess wanajua vizuri habari ya nauli ya kurudi nyumbani iliyoishia katika kioo.

Kwa muda mrefu beni ilizaa watoto. Mmoja wao aliitwa kalela. Mwaka wa 1951 mtaalamu J. Clyde Mitchell aliitazama kalela ikichezwa na Wabisa katika mji wa Luanshya, na mwaka wa 1956 akaandika juu yake. Wachezaji walikuwa wafanyakazi wa mgodini, waliovaa nadhifu suruali zilizopigwa pasi na viatu vilivyong'aa. Kikundi chao kilikuwa na mfalme, na daktari aliyevaa kanzu nyeupe yenye msalaba mwekundu, na muuguzi, mwanamke peke yake kati yao. Kazi ya daktari ilikuwa kuwatia wachezaji moyo. Muuguzi alichukua kioo na kitambaa, akampitia kila mchezaji ili ajitazame na kujifuta jasho.

Habari ya kioo kile hunipendeza sana. Mwenye kutunga mchezo wa leo angempa muuguzi dawa ya kurudisha nguvu zilizopotea vitani, kwa sababu ndivyo wauguzi wa michezo hiyo wanavyofanya. Wabisa wa Luanshya walijua kwamba katika mchezo wao kinachopotea si damu, ni unadhifu. Kwa hiyo muuguzi akapewa kioo. Kila uhusika ulikuwa na kazi iliyolingana na mchezo wenyewe, na kama ungeondolewa, pengo lingeonekana.

Sasa tuvuke bahari, lakini hatutakaa huko sana. Mwaka wa 1824 ofisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alilipatia jeshi la nchi yake mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani kwa dado, chini ya mwamuzi aliyewaambia maofisa kila mmoja anaona nini na amepoteza watu wangapi. Mchezo huo ulikuwa wa majeshi, si wa nafsi. Ulikaa hivyo mpaka mwaka wa 1969, wakati David Wesely wa jimbo la Minnesota, Marekani, alipowaandalia rafiki zake mchezo wa vita katika mji wa kubuni ulioitwa Braunstein. Aliwapa baadhi ya wachezaji nafsi za watu wa mjini badala ya majeshi: huyu meya, huyu mwenye benki, huyu mkuu wa chuo. Wachezaji wakaanza kunong'onezana pembeni, wakala njama, na wawili wakataka kupigana ana kwa ana, jambo ambalo kanuni zake hazikulitaja. Wesely akadhani kwamba mchezo umemharibikia. Wenzake wakamwomba aurudie.

Mmoja wa wenzake hao, Dave Arneson, aliichukua habari hiyo akaikuza, na mwaka wa 1974 yeye na Gary Gygax wakatoa mchezo ulioitwa Dungeons & Dragons. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu. Haukuwa na kioo wala umeme. Palikuwa na karatasi, penseli, dado, na mtu mmoja aliyesimamia hadithi na kuwaambia wenzake yaliyo mbele yao. Mchezaji alisema, "Nafungua mlango," na msimamizi akamwambia kilichoko nyuma yake. Akisema, "Siufungui, naugonga kwanza nikasikiliza," msimamizi aliweza kulijibu hilo pia, hata kama hakulifikiri tangu zamani. Hapo ndipo ulipokuwa utajiri wa mchezo ule, na hapo ndipo kompyuta ilipokutana na shida yake.

Maana kompyuta haina masikio. Hujibu yale tu ambayo mtungaji ameyaandika kabla. Wanafunzi wa vyuo vya Marekani walianza kuiga Dungeons & Dragons kwenye kompyuta zao tangu mwaka wa 1975, na walichoweza kuhamisha kwa urahisi ni hesabu: nguvu za upanga, unene wa ngao, idadi ya majeraha. Kuchagua hakukuhamishika kwa urahisi hivyo. Kwa miaka mingi mchezo wa kompyuta wa kuvaa uhusika ulikuwa na maana ya kuua viumbe na kuhesabu dhahabu, na hata leo wengi hawajatoka hapo.

Mtu mmoja aliyejitahidi kutoka ni Richard Garriott. Mwaka wa 1985 alitoa mchezo wake wa nne wa jina la Ultima. Katika michezo iliyotangulia palikuwa na adui mkuu wa kuangushwa. Katika huu hakuna. Mchezaji hupewa kazi ya kujitengeneza mwenyewe awe mfano wa fadhila 8, miongoni mwake ukweli, huruma, ushujaa, haki na unyenyekevu. Mwanzoni mpiga ramli humwuliza maswali magumu, kila moja likiweka fadhila mbili katika mizani na kumlazimisha aache moja.

Kisha yuko muuza dawa za majani, naye ni kipofu. Mchezaji huchagua anachotaka, halafu muuzaji humwachia aseme mwenyewe anaweka sarafu ngapi. Aweza kuweka moja mahali pa nyingi. Hakuna askari atakayemkamata. Muuzaji humshukuru, mchezo huendelea, na mchezaji huondoka na mfuko mzito akijiona mjanja. Lakini mchezo umeona. Baada ya muda mrefu, atakapofika mahali pa kuthibitisha kwamba yeye ni mtu wa kweli, atakuta njia haimfungukii, na itambidi akumbuke mwenyewe ni kwa sababu gani. Picha za mchezo huo zilikuwa vijumba vya rangi, vikavu kabisa. Kijana wa Endebess angezicheka. Hata hivyo sijui mchezo wa picha safi uliomweka mtu peke yake na dhamiri yake kuliko kipofu yule.

Basi mwenye kusema picha amejibiwa. Mwenye kusema urefu nitamjibu kwa maneno machache: njia ya kwenda Lodwar ni ndefu, na msafiri hasifu urefu wake.

Mwenye kusema kupanda ngazi ana hoja nzito zaidi. Mwaka wa 1986 kampuni ya Enix ya Japani ilitoa Dragon Quest, uliotungwa na Yuji Horii, na mchezo huo uliwafundisha mamilioni ya watoto raha ya kukua. Mchezaji huanza na fedha kidogo na silaha duni. Hupigana na viumbe vidogo vilaini, hujifunza, hununua upanga bora, na bonde lililomtisha jana leo hulipita akiimba. Akishindwa haambiwi kwamba amekwisha. Huamka mbele ya mfalme aliyemtuma, ambaye humlaumu kwa kufa, na nusu ya dhahabu yake imekwenda. Naona hiyo ni adhabu ya hekima, kwa sababu inauma bila ya kukata tamaa.

Hata hivyo ngazi ina thamani pale tu ambapo kila kipawa chake kimelipiwa kwa jambo lililotendeka. Siku hizi kuna michezo ya simu ambayo humchosha mchezaji kwa makusudi, ikamrudisha kuua viumbe vilevile mara mia, kisha ikamnong'oneza kwamba akilipa shilingi kadhaa atapanda bila ya taabu. Mtu aweza kunijibu kwamba hata katika beni fedha zilimsaidia mtu kupata cheo. Ni kweli. Lakini fedha za beni zilipikwa pilau zikaliwa na wote, zikanunua ngoma, zikazika maiti. Na jemadari mpya alisimama mbele ya watu waliomjua tangu alipokuwa mpiga chapuo, ambao wangemzomea kama hakustahili. Fedha za mchezo wa simu huondoka Endebess zisirudi, na aliyepandishwa cheo hana wa kumpigia saluti wala wa kumzomea.

Limebaki jambo moja, nalo ni ulimwengu ambamo mhusika anaishi. Ulimwengu mzuri una sheria zake, na mambo yake yana sababu, hata kama msafiri hazijui bado. Hapa sina haja ya kwenda mbali. Kutoka Endebess, katika msitu wa Mlima Elgon, liko pango liitwalo Kitum, lililoingia ndani ya mlima kama mita 200. Mwaka wa 1883 msafiri wa Kiskochi, Joseph Thomson, alifika katika mlima huu, akawakuta Wakony wakiishi mapangoni pamoja na mifugo yao. Aliyatazama mapango yale makubwa, akatazama alama za kuchimbwa ukutani, akaona kwamba wenyeji hawawezi kuwa wameyachimba. Akabuni taifa la kale lenye nguvu na ustaarabu, lililokuja kutafuta madini au vito kisha likatoweka.

Thomson alikuwa ametunga mchezo mbaya. Aliona ulimwengu uliojaa, akautia watu wasiokuwapo kwa kuwa hakuwauliza waliokuwapo. Ukweli ulikuwa wa ajabu kuliko hadithi yake. Mwamba wa Kitum una chumvi, na tembo wanaihitaji. Kwa vizazi visivyohesabika wameingia humo usiku, katika giza ambalo jicho halina kazi, wakipapasa njia kwa mikonga yao, wakauchimba ukuta kwa pembe na kuutafuna. Maji yalianza kazi, tembo wakaipanua, na wafugaji nao walichimba chumvi kwa ajili ya ng'ombe wao. Popo hukaa juu. Na pango lina hatari isiyoonekana: wageni wawili waliolitembelea, mmoja mwaka wa 1980 na mwingine mwaka wa 1987, waliugua homa ya Marburg wakafa. Kila kitu ndani ya pango lile kina sababu ya kuwapo, na kila kitu kina bei.

Waafrika wamekwisha kuanza kutunga. Mwaka wa 2015 Andrew Kaggia alitoa Nairobi X, mchezo wa kupiga risasi ambamo Nairobi hushambuliwa na viumbe kutoka anga za mbali. Si mchezo wa kuvaa uhusika, ila mchezaji wa Kenya aliuona mji anaoujua. Mwaka wa 2016 kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, iliyoasisiwa na Madiba Olivier, ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan. Humo mwana wa mfalme aitwaye Enzo hupinduliwa na shemeji yake siku ya kutawazwa kwake, ambayo ndiyo siku ya arusi yake, akaenda uhamishoni pamoja na mkewe Erine kutafuta nguvu za wazee wake waliotangulia. Mke hakuachwa nyumbani angoje. Husafiri naye, na shauri lake lina uzito. Watungaji waliumaliza mchezo huo katika mji ambao umeme hukatika, na sehemu ya gharama zake waliichangisha kwa watu wa nchi mbalimbali waliokubali kuilipia kazi isiyokwisha bado. Hilo nalo ni kama beni.

Nilirudi Endebess siku nyingine ya soko, nikamkuta yule kijana wa kidato cha tatu. Nikamsimulia habari ya kipofu muuza majani, na ya muuguzi mwenye kioo, na mwisho nikamwuliza angetungaje mchezo wa Kitum. Akasema upesi kwamba mchezaji angeingia pangoni usiku akapigana na tembo.

Rafiki yake, aliyekuwa akisikiliza, akatikisa kichwa. Babu yake alikuwa Msabaoti wa huko juu, na alimwambia kwamba tembo aliye gizani hapigwi, husikilizwa. Yule wa kwanza akafikiri kidogo. "Basi," akasema, "itabidi mchezaji azime taa yake mwenyewe. Na akiwa na mwenziwe mgonjwa anayekohoa, je?"

Wakaanza kubishana habari ya huyo mgonjwa: kama aachwe nje penye baridi, au aingizwe ndani awahatarishe wote, au wawili hao wangoje mpaka tembo watoke, na alfajiri ikifika wawe wamekosa njia ya kuvuka mpaka. Mwenye kibanda akawaita, zamu yao kwenye televisheni imefika. Hawakumsikia.